Chai ya Tume

Watu wa laini za mbao mjini Nakuru walikuwa maskini wa kila kitu isipokuwa adabu. Adabu walikuwa nayo ya kula na ya kuweka akiba, na ndiyo iliyowaponza. Ingekuwa raha kuitupia Serikali lawama yote, maana mgongo wa Serikali ni mpana, lakini mwaka ule wa hamsini na saba Serikali ilikuja yenyewe kwa miguu yake, ikapiga hodi mlangoni kwa Milcah, na ikakaribishwa vizuri mno.

Kiwanda chenyewe cha kupasua mbao kilikuwa kando ya njia ya reli. Mwenye kiwanda alikuwa Mzungu ambaye jina lake liliwashinda watu kulitamka, wakamwita Bwana Msumeno, naye akaitika. Magogo yaliteremshwa kutoka misitu ya huko juu Molo, yakapasuliwa, na mbao nzuri zikapakiwa kwenda kujenga nyumba za watu wengine. Yale mabanzi ya nje, yenye magamba bado, yasiyofaa kujengea nyumba, ndiyo waliyojengewa wafanyakazi. Vyumba vilipangwa katika mstari mmoja mrefu, na katika kila chumba kampuni iliweka familia mbili, pazia la magunia katikati. Upepo wa ziwani ulipovuma alasiri, vumbi la mbao liliingia nyufani likatua juu ya ugali, na watu wakala ugali wenye ladha ya mti, wakashukuru.

Upande wa dirisha walikaa Milcah, mumewe Wasike na watoto wao watatu. Upande wa mlango walikaa Akeyo, mumewe na watoto wawili. Milcah alikuwa Mbukusu na Akeyo Mjaluo, na kwa miaka yote waliyokaa pale walisikiana mpaka ndoto. Mmoja akipiga chafya, mwingine husema pole kabla hajajua ni nani aliyepiga.

Kisha, masika yakielekea kwisha, gogo la mtarakwa lilichomoka kwenye lori likambingirikia Wasike. Hakufika hospitali.

Mbukusu huzikwa kwao, na hapo ndipo aibu ilipoanza, kwa maana Wasike hakuwa na kwao. Baba yake alikuwa skwota kwenye shamba la Mzungu karibu na Kitale. Mzee alipokufa, familia iliambiwa ifunge virago, na tangu siku hiyo kwao pakawa popote penye mshahara. Akazikwa katika makaburi ya mji, kati ya watu ambao hakuwahi kuwasalimu.

Milcah hakulia. Wanawake wa kanisa walimzunguka wakalia kwa niaba yake, wakawa wanamchungulia pembeni kuona kama machozi yanakuja, nayo hayakuja. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, watu husema. Macho ya Milcah yalikuwa mazima kabisa, yaliona kila kitu. Moyo ndio uliokufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Alipika, akafua, akasuka nywele za binti yake Nekesa, na akiulizwa neno alijibu kwa neno moja, “Sawa.”

Hata nyapara Kiprugut alipokuja kumtoa, alijibiwa hivyo. Kiprugut hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia na kusimama nje ya kizingiti, asithubutu kuingia.

“Mama Nekesa, pole sana. Lakini unajua hii chumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, chumba pia inaisha. Mwisho wa mwezi kuna mtu mwingine anaingia.”

“Sawa.”

“Uko na mahali ya kwenda?”

“Sawa,” Milcah akasema tena.

Kiprugut aliogopa kuuliza mara ya pili, asije akajibiwa kweli. Akavaa kofia yake akaenda zake.

Mtu wa kwanza kuona kwamba “sawa” ile haikuwa sawa alikuwa Hezekiah Kipkemei. Huyu alikuwa karani wa wakili mmoja Mhindi, shemasi kanisani, na mjumbe wa baraza la Waafrika la mji, baraza lililokuwa na ruhusa ya kushauri na si ruhusa ya kusikilizwa. Kwa miaka mingi alikuwa akipigania jambo moja mpaka watu wakachoka naye: kwamba Serikali itunge sheria, ijenge nyumba ambazo mtu wa mshahara mdogo anaweza kulipa kodi yake, na mjane asitolewe nje pamoja na maiti ya mumewe. Wazungu walimwona mchochezi. Waafrika walimwona mtu mwema anayepoteza viatu bure. Hata hivyo, maji yakidondoka daima hutoboa jiwe, na mwezi ule ule wa msiba habari zikafika: Serikali imeunda Tume ya Nyumba, na Tume itapita Nakuru.

Hezekiah alikuja na baiskeli yake jioni, akaketi juu ya gogo nje ya mlango.

“Mama Nekesa,” alisema, “hawa watu wanatoka Nairobi. Wakiandika kwamba nyumba zetu ni mbaya, Baraza la Kutunga Sheria litasoma, na Serikali itatoa fedha ya kujenga. Wakiandika ni nzuri, sisi tumekwisha. Wamekubali kuingia chumba kimoja tu cha laini hii. Nimewapa chako.”

“Sawa.”

“Ngoja, sijamaliza. Nimekwenda kwa Bwana Msumeno. Amesema Tume ikipendekeza wajane waachwe mpaka nyumba zijengwe, yeye hatakutoa. Amenipa mkono. Umenielewa? Usipotoka hapa itakuwa ni kwa sababu ya siku hiyo.”

Milcah alimtazama. Alielewa kila neno, na hakuna hata moja lililomgusa.

“Sasa sikia vizuri,” Hezekiah akasema, akainua kidole kama mwalimu. “Usiguse kitu. Pazia libaki. Watoto wa Akeyo wabaki. Masufuria yabaki pale chini. Waone vile mnaishi. Halafu wewe mwenyewe useme, mimi nisikusemee, maana mimi wamenichoka. Utawaambia nini?”

Milcah alipangusa vumbi la mbao mikononi.

“Nitawaambia sina kwetu.”

Karani aliinamisha kichwa. Kwa mama wa Kibukusu, kusema neno hilo mbele ya wageni ni kuvua nguo sokoni. Kulea watoto, kufiwa na mume, kulala njaa, hayo mtu huyasema. Lakini kusema huna kwenu ni kusema wewe si mtu wa watu.

“Hilo linatosha,” akasema polepole. “Hilo peke yake linatosha.”

Asubuhi ya siku yenyewe, Hezekiah alikuwa mjini akiipokea Tume. Laini ikabaki na wanawake, na hapo mambo yakaharibika kwa upendo mtupu.

Akeyo ndiye aliyeanza. Alijua maagizo, alikuwa nyuma ya pazia yalipotolewa, na nyuma ya pazia lile kila neno lilikuwa la wote. Alijitahidi. Alipita mlangoni mara kadhaa akiwa amefunga mdomo. Mwishowe akasimama mikono kiunoni, akatazama matambara, moshi ukutani, chungu kilichopasuka, mkeka uliokojolewa na mtoto wake mwenyewe.

“Aa-aa,” akasema. “Hii chumba haiwezi kuona Serikali namna hii. Mama Nekesa, marehemu atasema nini? Eti mwaka haujaisha na mke wake anapokea wageni ndani ya taka?”

Milcah alisema, “Karani alisema tusiguse.”

“Karani ni mwanaume! Mwanaume anajua nini? Kufagia si kugusa. Nitafagia tu.”

“Sawa,” Milcah akasema.

Kama ulivyowahi kuona, mwanamke hawezi kufagia tu. Kufagia kuliita kumwagia maji, maji yakaita samadi ya ng'ombe, na kabla jua halijapanda sana sakafu ilikuwa imesiribwa, laini, ya kijani, inang'aa. Jirani akachungulia, akasema sakafu kama hiyo inataka meza, na akaleta meza. Meza ikataka kitambaa. Mke wa mwinjilisti akaleta kitambaa chake alichokifuma kwa uzi mweupe, ambacho hata mumewe hakuruhusiwa kula juu yake. Zikaja kochi mbili za mbao na mito yake. Ikaja picha ya Yesu akibisha mlangoni. Vikaja vikombe vya udongo vyenye maua, vya mtu na mtu, karibu vifanane.

Vitu vilivyoingia vikadai nafasi, na vilivyokuwemo vikatoka. Mikeka ilitoka. Masufuria yalitoka. Kitanda cha Akeyo kilifunguliwa vipande kikaegeshwa nyuma ya choo. Watoto wote watano walioshwa, wakapakwa mafuta mpaka wakameremeta, kisha wakapelekwa kanisani wasije wakachafuka. Mwisho Akeyo alipanda juu ya debe akalifungua lile pazia la magunia, akalikunja vizuri na kulikalia. Chumba kikawa kipana ghafla. Wanawake wenyewe walishangaa, wakasimama katikati wakizunguka, mikono imenyoshwa.

Kitanda cha Milcah tu ndicho hawakukitoa, kwa kuwa kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha Wariara, mke wa Mathenge, waliokaa chumba cha pili mpaka mwaka wa hamsini na tatu, Wakikuyu walipokusanywa na askari wakapakiwa malori, eti wanarudishwa kwao, ilhali Mathenge alizaliwa hapo jirani, Njoro, na hakujua kwingine. Wariara alikuwa na nafasi ya kubeba kitanda au watoto. Sasa wanawake walikitandika shuka nyeupe ya kuazima, wakaiweka sawa mikunjo, na kikapendeza kuliko siku alipokiacha.

Milcah alikaa ukingoni mwa kitanda hicho muda wote. Aliona pazia likishuka. Alijua, kama ajuavyo jina lake, kwamba linaposhuka lile ndipo naye anapotoka. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu na kusema, acheni. Alisubiri hasira ije imsukume, au hofu, au hata aibu. Hakikuja kitu. Akeyo alimvalisha leso mpya kichwani, akamfuta mavumbi usoni kwa ncha ya kanga, na Milcah akamwachia uso kama mtoto. Ilimpita fikira kwamba watu hawa wanampenda sana, na kwamba hilo nalo halisikii.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kutembelewa na Tume.

Jambo moja walilisahau, nalo ni jiko. Pale laini kuni na makaa vilikuwa vya kununua, lakini vumbi la mbao lilikuwa la bure, hivyo kila mama alipikia jiko la vumbi: debe limeshindiliwa vumbi pande zote, katikati tundu la moto. Ni jiko jema, halina gharama, na huwaka kutwa nzima. Ila halitaki haraka. Ukilipepea linazimika, ukilichokoa linaporomoka. Debe la Milcah lilikuwa limetolewa nje pamoja na vitu vingine vyenye masizi, likamwagwa, na lilipokumbukwa ikabidi lishindiliwe upya. Birika liliwekwa jikoni wakati ule ule watoto wa laini walipoanza kupiga kelele kwamba motokaa zimefika.

Wageni waliingia wakiinama. Mbele alikuwa mwenyekiti wa Tume, mzee wa Kizungu mrefu, mwenye macho ya upole, aliyevua kofia mlangoni. Nyuma yake Mzungu kijana wa kuandika, kisha mkalimani, kijana Mwafrika wa Nairobi mwenye tai. Bwana Msumeno na Kiprugut walibaki mlangoni. Hezekiah aliingia mwisho.

Aliona sakafu. Aliona kitambaa cha mke wa mwinjilisti. Akatafuta pazia kwa macho, juu mpaka chini, na asipoliona akamtazama Milcah, na Milcah akamtazama. Karani alionekana kama mtu aliyefika kituoni na kukuta treni imekwenda.

“Jambo, mama,” mwenyekiti akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. “Pole kwa bwana yako.”

“Asante, bwana.”

“Habari ya nyumba?”

“Nzuri.”

“Na watoto?”

“Wazuri.”

Angejibu nini? Kwa watu wale hata maiti angeulizwa habari angesema nzuri kwanza. Ndivyo mazungumzo yanavyofunguliwa. Mgeni anaulizwa na kuuliza, kila mtu ni mzima, nyumba ni nzima, ng'ombe hata kama hawako ni wazima. Kisha mgeni anaketi. Kisha anapewa kitu cha kulowesha kinywa. Akishakishusha kikombe, ndipo mwenyeji anajikohoza na kusema, sasa bwana, umekuja wakati sisi tuko na neno. Kumrushia mgeni shida zako angali amesimama, kinywa kikavu, ni sawa na kumpiga.

Hezekiah aliyajua haya, lakini pia alijua saa ya Wazungu. Akaanza kusema Kiingereza mbio mbio, kwamba kuna pazia limeondolewa, kwamba wanaishi humu watu wanane, kwamba viti hivi ni vya kuazima. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima. Alitazama kochi, vikombe vyenye maua, shuka nyeupe. Kisha akamtazama karani kama anavyotazamwa shahidi aliyeongeza chumvi, akaamua, na kwa haki yake aliamua vyema, kumwuliza mwenye nyumba mwenyewe.

“Mama, wewe sema. Mimi nasikia wewe. Iko shida?”

Chumba kizima kikamgeukia Milcah. Akeyo, aliyekuwa nje dirishani na lile pazia kwapani, alikaza macho kwenye birika. Birika lilikuwa kimya, halijatoa hata mvuke.

Neno lilikuwapo. Milcah alilisikia kinywani mwake, zima, la maneno mawili tu. Sina kwetu. Lakini mgeni alikuwa amesimama, na hakuna kilichomsukuma kifuani, na ulimi ukipewa nafasi ya kuchagua hushika njia uliyoizoea.

“Shida haikosi, bwana,” alisema. “Ni kidogo tu. Keti kwanza, chai iko karibu.”

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, na alitafsiri sawasawa. Hakuna aliyesema uongo siku ile. Mzungu kijana akaandika. Mwenyekiti akatabasamu, akamshukuru mama kwa moyo wake, akasema chai itakuwa siku nyingine kwa kuwa wanangojwa mjini. Akamshika Milcah mkono kwa mikono yake miwili. Wakatoka wakiinama.

Motokaa zilikuwa zimekwisha kuvuka reli birika lilipoanza kutokota.

“Tufanye nini na hii chai?” Akeyo akauliza kwa sauti ndogo.

“Mimineni,” Milcah akasema. “Maziwa ya watu hayamwagwi.”

Wakainywa wenyewe, katika vikombe vyenye maua.

Jioni Hezekiah alirudi. Hakuegesha baiskeli, aliitupa. Alisimulia akiwa amesimama: kwamba alasiri, mbele ya watu wote waliohudhuria kikao, mwenyekiti alisema amefurahishwa na laini za mbao, kwamba ameingia chumba cha mjane mmoja, chumba kipana na safi kuliko vya vijijini Ulaya, kwamba mjane mwenyewe amekiri shida zake ni kidogo, kwamba kwa hiyo Tume haitazamii kupendekeza sheria mpya wala fedha kwa ajili ya mji huu, ila itaushukuru uongozi wa viwanda. Bwana Msumeno alipigiwa makofi.

“Niliwaambia msiguse!” Sauti ya karani ikapasuka. “Miaka mingapi nimezungushwa na hawa watu? Nimewaleta mpaka mlangoni! Neno moja tu nililitaka, msiguse!”

“Tungeacha aje, Karani?” Akeyo alilia waziwazi. “Wewe ukija kwangu, unataka ukanyage mkojo ya mtoto? Wewe ungekubali mama yako aonwe hivyo? Sema!”

Hezekiah alimkumbuka mama yake huko Kericho, ambaye hata mtoza kodi hakuondoka kwake bila kupewa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Alijua kabisa angefagia.

“Karani,” Milcah akasema kutoka kitandani. “Keti unywe chai kwanza.”

Hezekiah akaketi. Akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia, huenda hata yeye hakujua. Milcah alimmiminia chai. Alimwonea huruma kama unavyomwonea huruma mtu uliyehadithiwa habari zake.

Vitu vikarudi kwa wenyewe, kimoja kimoja. Yesu akarudi kwake, kitambaa kikarudi, kochi zikarudi. Pazia likapandishwa, na chumba kikawa kile kile.

Hezekiah hakuacha. Huyo alikuwa mtu wa aina hiyo. Alianza tena kuzungusha maombi ofisi kwa ofisi, na wakati huo huo alizunguka mji mzima akimtafutia Milcah chumba. Vyumba vya mji vilitaka kipande cha mwajiri, yaani cheti cha kazi, na mwajiri wa Milcah alikuwa makaburini. Mwishowe alimpatia kazi ya kuchuma kahawa kwenye shamba la Mzungu mmoja huko Subukia. Kibanda kilikuwa pamoja na kazi. Siku mikono ya Milcah ikichoka, kibanda nacho kitakwisha, lakini hilo Hezekiah hakulisema, na Milcah hakuhitaji kuambiwa.

Siku ya mwisho wa mwezi lori la shamba lilikuja kuwachukua wachumaji waliokusanyika mjini. Mizigo ya Milcah ilikuwa mafurushi mawili, sufuria na jembe. Kitanda cha Wariara hakikuruhusiwa kupakiwa, lori lilikuwa la watu na mbolea. Watoto walipandishwa. Akeyo alikuwa ndani, amejificha nyuma ya pazia, kwa kuwa alisema hawezi kutazama.

Milcah alikuwa ameketi juu ya gogo nje ya mlango, akingoja kuitwa, mtu mpya alipofika. Alikuwa Mkipsigis kijana aitwaye Kiptanui, ameongozana na mkewe, amebeba sanduku la bati begani. Mkewe, Chepkosgei, alibeba godoro la majani kichwani, na tumboni mzigo mwingine wa miezi michache. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani ili kuingia nyumba mpya. Kiptanui alisalimu kwa kuinamisha kichwa, akapita kwenda kumtafuta nyapara. Msichana akabaki, haya zikimjaa, maana aliona ni nyumba ya nani.

“Hujambo, mama?”

“Sijambo.”

“Habari ya hapa?”

Milcah alitazama mabanzi yenye magamba. Alitazama sakafu, mahali samadi ilipoanza kupasuka. Jibu la siku zote lilikuwa tayari ulimini, limekaa pale tangu alipofundishwa kusema.

“Mbaya,” akasema.

Chepkosgei alisimama na godoro lake kichwani. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo maishani mwake, na hakufundishwa nini hufuata. Alimtazama yule mama kama kwamba ameanguka njiani. Kisha akalitua godoro lake chini, kwenye vumbi la mbao, na nguo yake ya kanisani ikachafuka. Akaketi kwenye gogo, karibu kabisa.

“Mbaya namna gani, mama?”

Swali lilikuwa dogo. Mtu yeyote angeweza kuliuliza.

“Sina kwetu,” Milcah akasema. Na neno lilipotoka likavuta yaliyokuwa nyuma yake: Wasike chini ya gogo, Wasike katika kaburi la wageni, mkono wa yule mzee wa Kizungu ukimshika vizuri hivyo. Kifua kilimuuma, ganzi inapoachia huuma, na ndipo alipolia, kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia siku ile ya msiba. Nyuma ya ukuta wa mabanzi Akeyo alimsikia, akaanza naye.

Dereva wa lori alipiga honi, akapiga tena. Msichana alimshika Milcah mkono, akainua uso kumtazama dereva. Dereva aliwatazama wote wawili. Kisha akazima injini.